Siamini, ila Krismasi nyumbani Kalenga nikapewa niombee chakula

Wakuu, kwema huko? Hiki kimenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi si mtu wa dini. Sina ugomvi na kanisa, hakuna mchungaji aliyenikosea. Imani iliisha taratibu nikiwa chuo na sijawahi kuitafuta.

Ila Krismasi naipenda jamani.

Mwanjelwa nilipo na kaduka kangu ka spea za pikipiki, Desemba ikifika watoto wanajaribishwa viatu barabarani, mvua inapiga, kila mtu ana haraka ya kwenda kwao. Ukiniambia nisifurahie kwa sababu sisali, utakuwa unanionea.

Mwaka jana nikafunga duka, nikapanda basi hadi Iringa, kisha boda hadi nyumbani Kalenga.

Mama anajua msimamo wangu. Nilipomwambia kwenye simu aliuliza tu kama nitakuja na mchele wa Kyela. Topic ikaishia hapo.

Asubuhi ya sikukuu wao wakaenda kanisani, mimi nikabaki kuchinja jogoo na kuchochea moto. Kwangu hiyo ni sikukuu tosha.

Shida ilikuja mezani.

Kwetu anayeombea chakula cha Krismasi ni mwanaume mkubwa wa nyumba. Ilikuwa kazi ya baba, na baba tulimzika mwezi wa sita. Sebuleni wamekaa majirani, shangazi na mzee wa kanisa. Wote wakaniangalia mimi. Mama akaangalia sahani yake.

Jasho lilinitoka wakuu. Nikisali, namdanganya mama, na anajua. Nikikataa, namwaibisha mbele ya wageni, Krismasi yake ya kwanza bila mume.

Nikasimama. Wakafumba macho.

Nikasema asante kwa mama aliyeamka gizani kupika. Asante kwa shangazi aliyeleta viazi. Asante kwa majirani waliotuchimbia kaburi na kukaa nasi msiba wote. Asante kwa baba aliyejenga nyumba hii.

Hapo nikakwama. Sikujua namna ya kumalizia.

"Amina!" mama akasema kwa nguvu. Wote wakaitikia. Mzee wa kanisa akanisifia, eti nikija likizo niwe naongoza jumuiya. Nikachota wali.

Jioni tunaosha vyombo, mama akaniambia, "Mwanangu, Mungu hukumtaja hata mara moja."

"Sikumtaja, mama."

"Nimesikia." Akasuuza sufuria, akaiinamisha ikauke. "Baba yako aliombea ile meza tangu anioe. Mimi hakuwahi kunitaja."

Nikachukua kitambaa nikaendelea kufuta sahani.

Nilichojifunza ni kimoja tu: kama huna dini, usiikimbie meza ya kwenu kwa kuogopa sala. Shukrani unazo, na wa kuwashukuru wamekaa hapo hapo wanakusubiri.

Mwaka huu zamu ni yangu tena. Ninyi msioamini, mkiachiwa sala ya mezani kwenu mnafanyaje? Wenye dini pia karibuni, ila msianze kuniombea kwenye comments.