Lalamiko Lililoitwa Ombi

Mama Taipu alivuliwa kiti chake kwa kosa la mtu mwingine. Faili la kiwanja cha mjane mmoja lilipotea katika ofisi ya ardhi, na bosi, ambaye alilichukua mwenyewe na kusaini daftarini, akamtwisha yeye lawama. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kupiga chapa, alihamishiwa stoo, akaitwa mla mafaili hata na wafagizi.

Alichotaka ni jina lake kusafishwa, basi. Akaiandikia Ofisi ya Malalamiko ya Umma barua iliyonyooka kama rula, kwa Kiswahili alichofunzwa enzi zile, mashine zilipolia kengele kila mwisho wa mstari na vidole vilipotoka kazini na weusi wa karatasi ya kaboni: "Kwa heshima na taadhima, naomba..."

Kwa miaka sita alikwenda kuulizia, kavaa gauni lake la kijivu la kazini. Kila mara aliambiwa lalamiko lake linashughulikiwa. Mdogo wake alimcheka, akasema heshima hizo zitamzika kabla jibu halijafika.

Siku moja alimkuta karani mgeni, binti asiyeona uvivu kufungua makabati. Akapekua malalamiko yote, patupu. Kisha akavuta faili la maombi, na katikati ya watu walioomba likizo na uhamisho ikachomoza ile barua.

"Mama, hukulalamika," alisema taratibu. "Umeomba."

"Mwanangu, sisi ndivyo tulivyofundishwa kulalamika."

Alirudi stoo. Mashine yake ya zamani ilikuwa humo humo, imetupwa pamoja naye. Aliipangusa vumbi, akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati, akapiga neno moja juu kabisa: NALALAMIKA. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza kengele ikalia, naye akatabasamu kama aliyeitwa na shoga wa shule.

Wachunguzi walikuja mwezi uliofuata. Saini ya bosi ilikuwa pale pale daftarini, na faili likakutwa kabatini kwake. Mjane alipewa hati yake. Mama Taipu alirudishiwa kiti, akapewa na barua ya kumsafisha, miezi mitatu kabla ya kustaafu. Miaka sita ya mtu ilikuwa imeliwa kwa sababu ya adabu yake, na mezani palikuwa na kompyuta isiyolia chochote.

Tangu tarehe 1 Machi 2011, fomu ya Ofisi ya Malalamiko huanza na neno lililokwisha kuchapwa: Nalalamika.