Vikombe Viwili vya Maharagwe

Tarehe tisa Septemba mwaka huu tulimpoteza kaka yangu Mutua. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Alikuwa kazini Bladensburg, hapa Marekani, akifunga nyaya za umeme kwenye nyumba ya watu. Akamwambia mwenzake kwamba kichwa kinamuuma, akakaa kwenye ngazi, na hakuinuka tena. Daktari alisema mshipa ulipasuka kichwani. Nilimuuliza kama chanzo ni ule mpira aliocheza chuoni. Akasema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana, kwamba jambo hilo humpata hata mtu ambaye hajawahi kugusa mpira. Nimeyashika maneno hayo kama yalivyo. Lakini tangu siku ile nasikia harufu ya maharagwe makavu, ile harufu ya vumbi na gunia inayopanda ukiyamwaga kwenye sinia, na najua inatoka wapi.

Inatoka Wheaton, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, majira ya majani kuanguka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Chumba kimoja kilikuwa cha wazazi. Kingine tulilala mimi na Mutua, tukitenganishwa na pazia la maua ambalo Mama alilitundika kwa kamba. Mutua alikuwa na miaka kumi na saba na miguu yake ilitokeza upande wangu wa pazia. Alikuwa anacheza ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, unaobebwa mkononi. Timu moja huusogeza mbele, nyingine huzuia. Mutua alikuwa beki, yaani kazi yake ilikuwa kumfuata mwenye mpira na kumwangusha. Mwaka ule chuo kimoja kidogo kilimwandikia barua: kingemlipia sehemu kubwa ya karo akija kukichezea. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka kumi na minane, mzazi alitakiwa kutia sahihi kwenye fomu. Baba alikuwa tayari siku hiyohiyo. Mutua alitaka sahihi ya Mama pia, na Mama akakataa.

Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwezi ule alikuwa amepewa mzee mmoja, Mmarekani mwenye mabega mapana kama mlango, ambaye ujanani alikuwa beki wa chuo. Sasa hakujua kijiko kinashikwaje. Mama alimlisha, akamfuta mdomo, akarudi nyumbani na kumtazama Mutua akila. Binti wa mzee yule alimwambia kwamba ni vile vichwa walivyogonganisha zamani. Baba hakukubali. "Hao ni wa zamani, Mama Mutua. Siku hizi wamebadilisha. Wanafundishwa kukamata kwa mabega." Mama akamuuliza nani amemwambia. Baba akasema wanasema kazini. "Kazini kwako mnaoka mikate," Mama akajibu. Wakabishana hivyo wiki nzima, kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaoogopa majirani. Mutua alikuwa akivaa viatu na kutoka.

Mwisho Mama alichoka. Binti wa yule mzee alikuwa amempa kanda za video za mechi za enzi za baba yake, kwa sababu mzee hakuzitazama tena. Mama akaziweka mezani na kusema, "Basi hesabuni. Jumamosi tatu. Kanda moja ya zamani, mechi moja ya leo. Kama wa leo wanapigana kwa vichwa mara chache kuliko wale, natia sahihi. Kama sivyo, nisisikie tena habari hii." Yeye mwenyewe hakuweza kutazama. Akanipa bakuli la maharagwe, kama tulivyohesabu shuleni Machakos nilipokuwa darasa la kwanza, kabla hatujahamia Marekani, na vikombe viwili, cha buluu cha zamani na cheupe cha leo. Kila beki akigonga kwa kichwa, harage moja. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, mtoto hana upande.

Nilikuwa na upande. Nilitaka chumba kibaki changu, Mutua akienda chuo. Nimekaa na sentensi hiyo miaka mingi, na sijapata namna nzuri zaidi ya kuisema.

Anko Kilonzo, mdogo wake Baba, alikuja kutoka Columbia Heights kila Jumamosi kushuhudia. Yeye ndiye aliyetangulia kufika nchi hii, kwa hiyo zamani ilikuwa mali yake. Kwenye kanda, picha ilikuwa na chembechembe na nyasi zilionekana kijivu. Mabeki wale walisimama wamebanana karibu na mpira kama watu kwenye foleni ya unga, na mpinzani aliwajia moja kwa moja. "Ona huo ukuta!" Anko alisema. "Zamani mtu akikamatwa, nyanya yake huko kijijini anapiga chafya. Hawa wenu wa leo ni wanakwaya." Baba akasema wanakwaya hao wanakimbia kama swala. Akaeleza, akichora kwa kidole kwenye zulia, kwamba zamani ulirundika watu saba mbele na mlango ukafungwa, lakini leo uwanja umefunguliwa wote, mpira unarushwa huku na kule, na beki anamkimbilia mtu hatua ishirini kabla hajamfikia. Ndiyo maana, alisema, huwezi kupima ulinzi kwa kutazama mabao tu. Wa zamani walifungwa machache kwa sababu walishambuliwa kwa njia moja.

Kutoka jikoni, Mama akauliza, "Hatua ishirini? Kwa hiyo anafika na mwendo zaidi?"

Baba alifuta mchoro wake kwenye zulia kwa kiganja. Anko Kilonzo alikohoa, akaomba chai.

Jumamosi mbili za kwanza nilihesabu kwa haki. Vikombe vilikuwa karibu sawa. Jumamosi ya tatu mechi ya leo haikuisha. Kila mpira uliorushwa ukaanguka ulisimamisha saa, kisha wakapanga tena, wakagongana tena. Kikombe cheupe kilianza kupita kile cha buluu. Baba aliliona hilo. Akasema kwa sauti ili Mama asikie kwamba hesabu ya haki si jumla, ni kwa kila mia: katika kukamata mara mia moja, mara ngapi ni kwa kichwa? Wa leo wanakamata mara nyingi zaidi, lazima jumla iwe kubwa. Mama alitokea mlangoni, mikono ina unga. "Baba Mutua, kichwa hakijui mambo ya mia. Kinajua kimegongwa." Akarudi jikoni. Mutua alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, ameshika magoti yake.

Nilianza kuyatia maharagwe ya leo mfukoni mwa sweta. Moja, halafu jingine. Mpira ukiwa umesimama nilichota mengine kutoka kwenye kikombe cheupe chenyewe. Nilipoinua macho, Baba alikuwa ananitazama mkono. Hakuukunja uso. Aliugeuza kwenye televisheni na kusema, "Leo wanacheza kwa mabega, kweli."

Mama alimwaga vikombe mezani na kuhesabu mwenyewe, mara mbili, kwa ncha ya kidole. Zamani ilizidi kwa manne. Aliyatazama mafungu yale mawili mpaka Anko akaacha kutafuna. Kisha akaomba kalamu. Mutua alimnyanyua juu mpaka kandambili moja ikamtoka mguuni, na Mama akacheka huku akimpiga begani ashushwe. Maharagwe yale aliyapika na mahindi, tukala siku mbili. Yale ya mfukoni niliyatupa shuleni Jumatatu.

Mutua alicheza miaka minne. Nilipata chumba. Baadaye alianza kuumwa na kichwa, akawa anakaa ndani ya gari kabla ya kuingia nyumbani, macho yamefungwa. Nilimwona, na sikumwambia kitu. Sikusoma sana. Mwaka mmoja wa chuo, kisha nikaenda kutunza wazee kama Mama. Nimewalisha wengi, na kila mwanamume mwenye mabega mapana mimi humtazama mikono kabla sijampa kijiko.

Jumamosi baada ya mazishi watu walijaa kwa Mama, kama ilivyo desturi yetu kukaa na wafiwa. Wanaume waliwasha televisheni, sauti chini, mechi ya vyuo. Wenzake Mutua wa timu walikuwepo, wanene sasa, na wakaanza kubishana kama ulinzi wa leo ungeweza kusimama mbele ya ule wa siku zao. "Hawa? Hawagusi mtu," mmoja alisema. "Ukimpiga mtu kichwani refa anakutoa nje." Anko Kilonzo, mwenye mvi tupu, alisema hata nyinyi mlikuwa wanakwaya, wakacheka kidogo kisha wakakumbuka wako wapi. Nami nilikuwa nimesimama na birika la chai. Anatolewa nje. Yale Baba aliyoyasema yamekuja kuwa kweli, ila aliyasema mapema mno, na Mutua alipita katikati, kati ya ukuta wa zamani na sheria ya leo.

Niliweka birika chini, nikaingia chumbani kwa Mama na kumwambia yote. Mfuko, chumba, manne. Alinisikiliza akitazama sakafu. Aliuliza swali moja tu: "Baba yako alijua?"

Nilisema, "Aliniona."

Mama alifungua mlango. "Baba Mutua!" Sebule nzima ikanyamaza. Baba alikuja polepole, akishika ukuta, akasimama mlangoni akitutazama sisi wawili. Nadhani alijua kabla hajaulizwa.

"Uliona?"

"Niliona," Baba alisema.

Huko sebuleni mtu alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikaisha. Baada ya muda, Mama alisogea kidogo kitandani, na Baba akakaa.