Nguo Niliyovaa Kwenda Ukweni kwa Mtumbwi

Mambo mengine mtu huyameza akafa nayo, na hili ningelimeza, ila Ifakara nzima ililijua kabla sijatia mguu nyumbani, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu kuliko kwa wanaoliongezea chumvi (wapo wanaosema nilikuwa uchi wa mnyama, si kweli, nilikuwa na kaptula).

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa karani katika ghala la pamba pale Ifakara, kijana wa milima ya Mahenge, mtu wa kalamu na kivuli. Nilikuwa nimemposa Felista, binti wa Kindamba niliyemwona kanisani sikukuu ya Pasaka, na barua ya posa ilikuwa imekubaliwa, kilichobaki ni mimi mwenyewe kwenda kuonwa, maana baba yake alisema hatoi binti kwa kutazama mwandiko. Mshenga wangu, baba mdogo Severini, alitangulia. Mimi nikafuata kwa mtumbwi, mwendo wa kutwa nzima kupanda mto, na mpiga kasia alikuwa Dismas, binamu yake Felista.

Sasa jua. Ninyi wa nchi kavu hamlijui jua la mto Kilombero, linakupiga mara ya kwanza likitoka juu na mara ya pili likirudi kutoka majini, hata chini ya kidevu unaungua. Mwaka uliotangulia nilikaa mtoni nusu siku tu, pua ikachubuka kama kiazi cha kuchemsha, nikaapa siendi kwa wakwe na uso wa namna hiyo. Basi nikachukua karatasi nikapanga mavazi (ndivyo nilivyo, hata soksi huziandika). Suti nyeusi ikae sandukuni, niivae karibu na kufika. Shati la kaki lina mikono mirefu lakini shingo iko wazi. Mwavuli unafaa. Mwisho nikaenda dukani nikanunua yadi sita za marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, kwa kuwa nilisikia rangi nyeupe hulirudisha jua lilikotoka, na yadi sita zingenifunika toka utosini hadi kwenye kucha. Nilijiona nimewapita wavuvi wote akili.

Alfajiri Dismas aliuona mwavuli akacheka mpaka akashika mti.

"Shemeji, huo ukiufungua katikati ya mto, upepo utatupeleka sote kwa viboko. Uache hapa hapa."

"Wewe unajikinga na nini?"

Alikuwa na kofia ya ukindu ya ukingo mpana, imefungwa kwa kamba chini ya kidevu, na shati kuukuu la mikono mirefu.

"Kofia ninayo nyingine, chukua. Shati lichovye majini, ulivae bichi, likikauka unachovya tena. Sisi ndivyo tunavyofanya."

Niliinusa ile kofia. Ilinuka kambale.

"Asante, Dismas, mimi nimejiandaa."

Laiti ningeliziba pua nikaivaa!

Mpaka saa tano mambo yalikuwa mazuri, nimejitanda marekani yangu kama bwana harusi. Kisha joto likaingia ndani ya nguo, nikavua shati, nikavua suruali, nikabaki na kaptula humo ndani, na Dismas huku nyuma anaimba, wimbo mmoja huo huo, na kila kasia likizama unanigonga kichwani.

"Dismas, kichwa kinaniuma. Hebu nyamaza mpaka tufike."

"Mpaka tufike kabisa?"

"Kabisa."

Akanuna. Mimi nikalala chali juu ya nyasi zilizotandikwa katikati ya mtumbwi, nikajifunika gubigubi, uso na yote, usingizi ukanichukua.

Hapa niwaeleze jambo ambalo kila mtu wa mtoni analijua na mimi karani sikulijua. Mtumbwi ukifika kona ya mwisho kabla ya kijiji, mpiga kasia huita, au huimba, au hugonga ubavu wa mtumbwi, ili watu wajue ni ujio wa heri. Mtumbwi unaokuja kimya umebeba msiba. Na maiti aliyefia mbali huletwa hivyo hivyo, amelazwa chali katikati, amefunikwa nguo nyeupe mpya.

Na mama yake Felista alikuwa na mtoto wa kiume, Benedikti, aliyekwenda kukata mkonge Kilosa, akapitisha miezi mitano bila barua (alikuwa mzima, mvivu tu wa kuandika, tulikuja kujua baadaye). Siku hiyo mama huyo alisimama ukingoni na wanawake wenzake, kanga mpya, vigelegele tayari mdomoni, wakinisubiri mimi.

Kilichoniamsha ni yowe.

"Benedikti! Mwanangu! Jamani mmeniletea nini!"

Alikuwa ameingia majini hadi kiunoni, akanirukia, akanikumbatia pamoja na nguo. Nikashtuka, nikaketi, nikatoa mikono nje. Wanawake walipoona maiti ameketi walikimbia wakikanyagana, mtumbwi ukalala ubavu, tukaingia majini mimi na mama mkwe, tumeshikana. Sanduku la suti likazama, shati na suruali nilivyovua vikafuata. Marekani ikachukuliwa na maji.

Nilisimama pale na kaptula iliyonigandama. Kwa watu wale mkwe na mkwe hawagusani hata vidole, wakikutana njiani mmoja huingia porini ampishe mwenzake. Na mimi alikuwa amenishika kifuani.

Baba mdogo Severini alipaza sauti kutoka ukingoni, huku ameufunika uso wake:

"Gaudensi! Jisitiri, mwanangu!"

"Nijisitiri na nini, baba? Nguo imekwenda!"

Baba yake Felista alimgeukia Dismas. "Mbona hukuita pale konani?"

"Shemeji alinikataza kutoa sauti mpaka tufike."

"Na ile nguo?"

"Kofia nilimpa, akaikataa."

Walimbeba mama hadi ndani. Walimwambia yule si Benedikti, ni mchumba wa Felista, mtoto wako hajafa. Akajibu kwamba kilio alichokilia kimeshatoka, na aliyeliliwa akiwa hai nani atamrudisha? Hakunyamaza. Jioni ile ile baba yake Felista alinikuta barazani.

"Mwanangu, sina ugomvi nawe. Ulikuja kwa heri, najua. Lakini mke wangu akikuona atamwona maiti wa mtoto wake, na isitoshe amekugusa. Nitawaozesheni vipi? Posa irudi na mshenga."

Severini alijaribu kusema mambo ya kusafisha nuksi, mbuzi, sala. Mzee alitikisa kichwa tu.

Felista ndiye aliyeniletea shati la baba yake nivae. Alininyooshea kwa mbali, macho chini.

"Si ungevaa tu hiyo kofia, Gaudensi?"

Nikalipokea shati, nikalivaa. Kesho yake nilishuka mto nimeketi wima, kichwa wazi, jua likinifanya litakavyo, na nilipofika wenzangu wa ghalani walinicheka uso. Ulichubuka siku tisa, ukaota ngozi nyingine. Tangu hapo mtu akiniita safari ya mtoni namuuliza kwanza mwenye mto anavaa nini, nami navaa hicho hicho, kinuke kambale, kinuke chochote. Felista aliolewa mavuno yaliyofuata, na mvuvi.