Nyota za jukwaa letu la dama na barabara ya Rugari

Wakuu, nawasalimu kwa heshima.

Nitakayoyaandika yametokea kwangu. Kila saa nitakayoitaja imo katika daftari langu, na anayetaka kulihakiki anajua ninapokaa hapa mtaa wa Mapendo, Goma.

Kwanza niseme waliohusika na kosa hili, ili msomaji asihangaike kuwatafuta. Ni watatu: Msimamizi Mkuu wa jukwaa hili, aliyeleta nyota. Mwanachama anayejiita Simba wa Birere, aliyeandika uongo. Na mimi, mkaguzi wa ujumbe, chef de bureau mstaafu, yaani mkuu wa ofisi.

Kwa wageni: jukwaa hili lilianzishwa kwa ajili ya wachezaji wa dama ya mtandaoni, wa Goma na wa vijiji vya jirani. Hapo mwanzo hapakuwa na zawadi. Mtu alileta mchezo wake, akaeleza kete kwa kete mahali alipokosea.

Bingwa wa maelezo hayo alikuwa Papa Bahati wa Munigi. Aliandika mara moja kwa wiki, nasi tulimngoja.

Ndipo Msimamizi akaleta nyota. Kila anayependa ujumbe anaupa nyota. Mwenye nyota nyingi ujumbe wake unapanda juu kabisa, na mwisho wa mwezi anapewa megas za intaneti. Asiyeingia jukwaani siku thelathini anarudishwa sifuri. Na mwenye sifuri, ujumbe wake hausomwi na mtu mpaka mkaguzi aupitishe.

Nilisaini kanuni hizo. Naomba hilo liandikwe.

Katika miezi michache maelezo ya michezo yalitoweka. Zikaja picha za kuchekesha, matusi kwa walioshindwa, na habari za mji zilizookotwa popote. Kueleza mchezo mmoja kunachukua saa tatu na kunaleta nyota nne. Picha ya mbuzi juu ya pikipiki inaleta sitini.

Volkano ya hapa jirani ilipolipuka, nyumba ya Papa Bahati ilifunikwa na lava. Simu yake ilibaki humo. Aliporudi jukwaani alikuwa akiishi kwa mdogo wake, huko kijiji cha Kanyaruchinya, na jina lake lilikuwa na sifuri.

Simba wa Birere akamwandikia: "Karibu, mugeni! Ujifunze kwanza namna kete inatembea."

Mzee akajibu: "Asante, mutoto yangu. Nitajifunza."

Watu walicheka, wala hakuna aliyempa nyota. Mimi niliyaacha maneno ya Simba yabaki, kwa kuwa kanuni haikutaja heshima.

Kisha vita vikarudi upande wa Rutshuru. Kwa kuwa wanachama wako kila mahali, watu walianza kuulizana hapa hali ya barabara. Msimamizi alifurahi, akatangaza kwamba wa kwanza kuleta habari atapata nyota maradufu.

Dada yangu mdogo, Mama Neema, aliishi Rugari na mume wake, fundi cherehani; kutoka huko kushuka Goma lazima upite Kibumba, kisha Kanyaruchinya. Asubuhi moja, saa mbili na robo, alinipigia simu, akaniita Yaya, yaani kaka, kama kawaida yake.

"Yaya, huku batu banaanza kufunga mizigo. Njia ya Goma iko namna gani?"

Nilifungua jukwaa. Juu kabisa: Simba wa Birere, picha ya magari, na maneno: "Barabara ni wazi mpaka Goma. Kibumba magari yanapita bila shida." Ujumbe ulikuwa na nyota zaidi ya mia. Ulikuwa umeandikwa vizuri, kila nukta mahali pake. Nami niliupa yangu.

"Shukeni," nilimwambia. "Mushuke sasa."

"Papa Neema anafunga machine yake ya kushona kwanza."

"Aache hiyo machine!"

"Unamujua shemeji yako. Atabeba machine, mimi atanisahau." Akacheka. Walitoka saa tatu.

Wakuu, sasa nafika panaponichoma.

Nilikuwa na desturi ya kufungua foleni ya wenye sifuri mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, kama nilivyokuwa nikifungua barua ofisini. Siku ile nayo niliifungua saa nane. Zilikuwemo jumbe kumi na moja. Nilizisoma kwa zamu, nikimjibu kila mmoja, kwa sababu foleni ni foleni.

Ujumbe wa tisa ulikuwa wa Papa Bahati. Ulifika saa mbili na dakika tano, kabla dada yangu hajanipigia:

"Niko Kanyaruchinya, kando ya barabara. Batu banashuka mbio toka Kibumba, banasema risasi ziko mu njia. Bale ba Rugari basishuke. Babakie kwanza ku paroisse, ku kanisa."

Nilipiga simu ya dada. Haikupatikana.

Alifika kwangu siku ya tatu, kwa miguu, kupitia mashambani. Alikuwa peke yake. Risasi zilipoanza, kila mtu alikimbilia upande wake, na hakumwona tena mumewe. Tumeuliza kambini, hospitalini, kanisani. Mpaka leo Papa Neema hajulikani alipo.

Nilimtafuta Simba wa Birere. Ni mtu mzima, mwenye familia. Picha ile ilikuwa ya wiki iliyotangulia.

"Papa, mimi nilitaka tu kubakia namba moja," alisema. "Na bote balinipa nyota. Hata wewe, Papa."



Somo nililolipata ni hili: watu huandika kile wanacholipwa kukiandika. Tulilipa haraka, tukaletewa haraka. Ukweli ulikuwepo, umeandikwa na mtu aliye kando ya barabara, na sisi ndio tuliouweka foleni. Anayeona nimekosea kuhukumu aandike hapa chini, kwa jina lake halisi.

Nimejiuzulu ukaguzi leo.

Kwa hiyo, Bwana Msimamizi Mkuu, nadai rasmi, mbele ya wanachama wote: ufute nyota katika habari zote za usalama, utangaze waziwazi ujumbe wa Papa Bahati pamoja na saa uliyofika, saa niliyoufungua, na jina langu, na ueleze kwa maandishi kwa nini kanuni ile ya sifuri iliwekwa. Maelezo hayo usiniletee mimi. Mwandikie Mama Neema, kwa jina lake, maana yeye ndiye anayeuliza kwa nini, kila asubuhi.