Maziwa ya Mama Kwizera

Domitille alikuwa akipepeta mchele uani asubuhi, jicho lake la kuume likazimika ghafla, bila maumivu yoyote. Akamwita mke wa mwanawe, Noella, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wake Kwizera.

"Mama Kwizera, nikamulie kidogo humu."

Noella alijua maziwa ya titi hutiwa kwenye macho mekundu ya watoto. Jicho hili halikuwa jekundu. Aliliona hilo, akanyamaza, akakamua. Alikamua siku tatu ndipo wakaenda hospitali.

Munganga, daktari wa macho, alipiga foto ya ndani ya jicho. Kulikuwa kweupe kama unga wa muhogo, na doa jekundu katikati. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba.

Baada ya miezi mitatu foto ya pili ilionyesha weupe umekwisha, doa limetoweka, rangi imerudi. Domitille akamwonyesha kila jirani foto hiyo.

"Jicho iko inapona. Ni maziwa ya mukamwana wangu."

"Na unaona?"

"Bado. Foto imenitangulia."

Lakini Noella alikuwa amebaki nyuma kwa munganga. "Uvimbe ndio umeisha," munganga alimwambia. "Nyama ya ndani imekonda, imekufa. Halitaona tena."

"Na kama tungekuja siku ile ile?"

"Pengine. Jicho kama hilo halingoji, ni saa chache tu."

Hiyo "pengine" Noella alirudi nayo nyumbani, akaificha.

Wiki iliyofuata jirani yao Olive aliingia akiwa amemshika mkono mume wake, Ezéchiel. Jicho moja la Ezéchiel lilikuwa limezimika muda si mrefu, wala halikuuma.

"Mukamulie," Domitille alisema. "Usione haya."

Noella alifunga vifungo vya blauzi. "Olive, mupeleke hospitali sasa hivi. Ita pikipiki."

"Unamunyima maziwa?" Domitille aliuliza.

"Maziwa haikukuponya, mama. Jicho yako ilikufa, na minye niko nakamua tu. Munganga aliniambia, nikakuficha."

Olive alikwisha kumvuta mumewe barabarani. Pikipiki ikasimama, ikaondoka nao.

Domitille aliusikiliza mlio wa pikipiki mpaka ukaisha.

"Weye hukuniomba," alisema polepole. "Ni minye nilikuomba unikamulie."

Noella aliinamisha kichwa. Afadhali angegombezwa.