Mama Mbao na Mwalimu Asiyegusa

Siku Mwalimu alipoingia mara ya kwanza kwenye duka la mbao, Mama Mbao alijua huyu si mjenzi. Mjenzi hutafuta mbao ngumu. Huyu alitaka laini, kavu kama biskuti, tena zikatwe vipande vifupi ambavyo vikiguswa tu hupasuka kufuata nyuzi zake.

"Za kazi gani, ndugu?"

"Mazoezi. Wanafunzi wangu wanavunja kwa mkono."

Mama Mbao alicheka kimoyomoyo. Vile hata mjukuu wake angevivunja kwa goti. Lakini biashara ni biashara. Akampandishia bei, na mtu huyo akalipa bila kubishana. Asiyebishana bei, aliwaza, ana jambo hataki liulizwe.

Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Alianza kwa kuokota mabaki nje ya kiwanda cha mbao, akapanda mpaka kwenye duka lake mwenyewe, na njiani msumeno ukamla ncha ya kidole. Asichokipima hakiamini.

Kwa hiyo damu ilimchemka aliposikia kuwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, ni mwanafunzi wa mtu huyo. Tena Jumamosi angepanda ulingoni na bondia wa kweli, mikono chini, eti nguvu ya ndani itamwangusha bondia kabla hajamfikia.

"Dada, nimeona kwa macho yangu. Mwalimu ananyoosha kiganja tu, watu chini. Hata mimi nilianguka."

"Uliangushwa au ulianguka?"

Mdogo wake akajishughulisha kufuta miwani yake ya kuchomelea.

"Sema! Au ulimi nao umeangushwa?"

"Mwanzoni nilianguka kwa adabu. Wenzangu wote wako chini, mimi nibaki nimesimama kama mlingoti? Baadaye nikazoea."

Adabu! Mtu anakwenda kupasuliwa taya kwa sababu ya adabu!

Kesho yake mchana aliingia ukumbini kwa Mwalimu na vumbi la mbao kichwani, akapita katikati ya wanafunzi waliosimama peku, akasimama mbele ya Mwalimu.

"Niangushe."

"Mama, hujaandaliwa. Utaumia."

"Bondia wa Jumamosi mmemwandaa?"

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mwalimu akafumba macho, akavuta pumzi, akasukuma kiganja. Nyuma ya Mama Mbao wanafunzi wawili walianguka puu! Yeye hakutikisika hata kanga.

"Umemaliza? Nimeacha duka wazi."

"Shaka yako imeziba njia ya nguvu."

"Ahaa! Kwa hiyo bondia naye akija na shaka, ndugu yangu azikwe?" Akawageukia waliolala. "Nanyi amkeni, sakafu ina baridi!"

Mdogo wake alimfuata nje, macho mekundu. "Umenivua nguo mbele za watu, dada."

"Afadhali nguo kuliko taya."

Jumamosi mdogo wake hakupanda ulingoni. Mwalimu hakupoteza kitu, mlaaniwa huyo. Sasa huwasimulia wageni habari za mwanamke mwenye kiza kizito ambaye nguvu humkwepa, na ukumbi umejaa. Mama Mbao amempoteza ndugu: mwezi wa saba huu hawasemezani, salamu zinaletwa na wifi. Humwona mdogo wake ng'ambo ya barabara akicheka na wenzake, meno yote yapo mahali pake. Bado anamwonea hasira, wala radhi haombi.