Wimbo Nisioujua

Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya chanjo kwenye zahanati, lakini kinachonipandisha pikipiki kwa furaha ni vinanda. Kila kijiji ninachofika kati ya Masasi na Newala nauliza mambo mawili: jokofu liko wapi, na je, kanisa lina kinanda? Jokofu nalitengeneza upesi upesi.

Vingi siku hizi ni vya umeme. Mimi napenda cha kizamani, cha kukanyaga kwa miguu, ambacho ukizembea kukipa pumzi kinaguna. Kimoja kipo katika kijiji cha upande wa Masasi, na kina kufuli. Ufunguo alikuwa nao bibi mmoja, mkuu wa akina mama wa kanisa, ambaye pia ni kungwi. Safari tatu nzima nilimpigia shikamoo na kumpelekea sukari, ndipo akaniachia. Tangu hapo Jumapili nikiwa kule, napiga wakati wa sadaka. Nota sisomi. Wimbo nikiusikia mara moja umeingia, na kwa hilo naringa sana.

Sasa, wiki moja nililala Newala. Asubuhi mama wa jikoni pale nyumba ya wageni alikuwa anasubiri gari la maji, huku akiimba puani, bila maneno. Ulikuwa wimbo mtamu, unapanda, unasita, unashuka. Nilipotokea mlangoni akanyamaza ghafla, akajifanya anapanga ndoo. Mimi mzaliwa wa huku huku nilipaswa kushtuka. Wapi! Nilishauiba wote.

Jumapili iliyofuata, kwenye kinanda kile cha Masasi, niliupiga taratibu, kwa unyenyekevu mkubwa, watu wakipeleka mihogo na kuku mbele. Wanaume walifumba macho kwa ibada. Upande wa akina mama, aliyebeba kuku alisimama katikati ya njia. Mwingine alijifunika kanga usoni, mabega yakimtetemeka. Mimi nikadhani wameguswa, nikaurudia tangu mwanzo.

Ibada ilipokwisha bibi alinifuata, nyuma yake akina mama kama kumi.

"Lete ufunguo," akasema. "Huo ni wimbo wa unyago. Tunawafundishia wali, mabinti waliowekwa ndani. Mwanamume haujui. Nani kakufundisha?"

Yule mama wa Newala nisingemtaja hata kwa viboko. Nikatoa ufunguo, na kusema kweli nilikaribia kulia, maana kinanda kile nakipenda kupita kiasi.

Akina mama wakanong'onezana Chiyao kwa muda mrefu. Kisha bibi akanigeukia, uso mkavu kabisa.

"Pale katikati, unapopanda, umekosea. Mwanamume anayeujua wimbo huu hagusi tena kinanda chetu. Anayeukosea, huyo haujui. Umekosea, au hukukosea?"

Sikukosea! Niliupiga sauti kwa sauti, kama ulivyotoka puani mwa yule mama. Nikafungua mdomo nibishe, macho yakaangukia ufunguo kiganjani mwake.

"Nimekosea, bibi."

"Wa nyuma hawajasikia, mjukuu wangu."

"Nimekosea! Kinanda sikijui!"

Vigelegele vikapigwa, ufunguo ukarudi mfukoni mwangu. Mpaka leo kila mgeni anayefika kanisani pale, akina mama humwonyesha vidole vyangu kimoja kimoja na kumweleza kwamba huyu ndiye fundi wa majokofu asiyejua kupiga kinanda, nami naitikia, "Ndiyo, mama, sijui."